Daftari la Kurasa Arobaini na Nane

Nililinunua shilingi mia tano dukani kwa Ondoma,
daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha,
maana mlangoni mwa kituo cha afya wanauliza kwanza
daftari liko wapi, ndipo wanauliza unaumwa nini.

Ukurasa wa kwanza: malaria.
Hakunichoma kidole. Alisikia "kichwa", akaandika.
Wa tatu: malaria. Wa nne: malaria sugu.
Wa saba walinipima, kipimo kikasema hakuna kitu,
nikapewa dawa ya malaria, tusije tukajuta.
Wa tisa, taifodi. Wa kumi na moja mtu aliandika
presha, akaweka alama ya kuuliza,
akahamishwa wilaya kabla hajaijibu.
Wa kumi na nne: nunua miwani.
Nilinunua. Nikayaona maumivu yangu vizuri zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, Oli, hapa Arua,
kibanda cha tatu kutoka kinu cha muhogo.
Zigizaga naijua. Basi niseme ninachokiona:
kabla kichwa hakijaanza, pembeni mwa jicho la kushoto
mshono unawaka,
hakuna uzi, hakuna mguu unaokanyaga,
unashona hewa tupu, unatambaa, mpaka uso wa mteja
unatoweka nusu, nabaki naongea na sikio moja na hereni.
Kisha kigingi.
Kisha kinu kinahamia ndani, kinasaga,
harufu ya mafuta ya mashine inanitapisha,
nalala chini ya meza juu ya vipande vya vitenge
na Ayikoru, msaidizi wangu,
anawaambia watu nimekwenda mazishini.

Mazishi mangapi kwa mwezi? Watu walianza kuhesabu.

Mama chake alikifunga kwa kitambaa, fundo juu ya jicho,
akaendelea kupalilia.
Hakuwahi kuwa na daftari.

Kwa hiyo panadoli. Mbili asubuhi,
mbili kabla jua halijapiga bati, mbili za kulalia.
Mwenye duka alinifungia kwenye gazeti
kama anavyofungia chumvi, bila swali.
Mwaka wa pili kichwa kikaacha kuja na kuondoka.
Kilipanga chumba.

Ukurasa wa thelathini na mbili mwandiko ni mwingine,
mwembamba, umelalia kulia. Letaru, tabibu mgeni,
zamu ya mchana, foleni imetoka nje mpaka juani.
Kalamu hakuishika. Aliuliza:
Upande gani? Kinagonga au kinabana?
Mwanga unakuchoma? Unalala saa ngapi kwenye hivyo vitambaa?
Vidonge vingapi kwa wiki?
Vingi, nikasema.
Hesabu, akasema.
Nikahesabu. Arobaini na viwili.
Akanyamaza kama mtu aliyekata suruali akakuta mguu mmoja mfupi.
Na mama yako je?
Hapo nililia, na siku hiyo wala hakikuwa kinauma.

Dakika kumi na moja; nilizisoma kwenye saa ya ukutani.
Mwanamke nyuma yangu akasonya.

Aliandika neno la Kiingereza, akalikata.
"Ninyi wa Oli si mnaongea Kiswahili?
Kiswahili kinakiita kipandauso."
Kipandauso.
Kumbe lilikuwepo,
kama sindano iliyodondoka sakafuni,
na kalamu zote zile zikapita juu yake.

Panadoli niziache, akasema. Wiki mbili kitazidi, usinilaani.
Kilizidi. Nilimlaani.
Halafu kidonge kidogo cha usiku, kila usiku,
ambacho kituoni hakipo; nakinunua mjini
kwa pesa ya kupunguza sketi mbili.
Kupona hakuniahidi.

Kinakuja bado. Mara mbili kwa mwezi, kiangazi mara tatu.
Mshono ukiwaka nazima mashine, nameza kile cha dharura mapema,
nashuka chini ya meza yangu.
Ayikoru anasimama mlangoni na futi shingoni:
Fundi ana kipandauso, njoo kesho.
Wengine wanakasirika. Wengine wanauliza ndiyo nini hicho.
Mwezi huu hatujazika mtu.