Mwamshaji

Kalunde kaja na kompyuta ndani ya kitenge,
kaibeba kama mtoto mwenye homa.
Ni ya chama cha msingi, Kaliua: hesabu za tumbaku,
wakulima mia mbili na kumi,
nani kakopa mbolea, nani kalipa.
Kioo cheusi. Kistari kimoja cheupe kinapepesa
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Kuna aliyeigusa?"
Kimya. Halafu: "Shemeji yangu, Ntakije wa Kasulu.
Kasema mfumo wetu umezeeka, kaweka mwingine kando yake.
Kasema itakaa pamoja bila ugomvi."

Ugomvi haukuwa wa mifumo.
Ulikuwa wa waamshaji.

Maana mashine ikipata umeme haijui kitu.
Haijui tumbaku, haijui Kaliua.
Inajua kunyoosha mkono mahali pamoja,
mwanzo wa diski, na kushika kilichopo.
Zamani palikuwa padogo: baiti mia nne arobaini na sita.
Andika jina lako, la baba yako na la kijiji chako
mara kumi, pamejaa.
Humo alijikunja mwamshaji,
akijua neno moja tu: twende kule.

"Sasa kwa nini wasiwe na mmoja?
Si wote ukoo mmoja?"

Swali hili nimewahi kulijibu vibaya.
Niliwahi kusema: ni kama makabila. Uongo.
Niliwahi kusema: ni kama dini. Uongo mkubwa zaidi.

Safari hii nikaelekeza kidole stesheni.
Baba alivuta nyenzo za njia panda pale
miaka ishirini na sita, zamu ya usiku.
Treni ya kutoka pwani inafika moja, imechoka, inakatwa:
mabehewa haya Mwanza, haya Kigoma, haya Mpanda.
Reli upana ule ule.
Lakini kichwa cha Mpanda si cha Mwanza,
na aliyepanga ratiba ya Kigoma
alimfikiria mtu mwenye madumu ya mawese,
hakukufikiria wewe.

Waliounda mfumo wenu walifikiria mashine kuukuu,
wakamfundisha mwamshaji wao kila lugha ya diski,
hata zilizokufa.
Wa Ntakije walisema: mashine ni mpya, kazi iwe fupi,
asome kifuko kimoja, aamshe, anyamaze.
Wapo wanaotaka muhuri kabla ya mlango kufunguliwa,
wakaweka bawabu mbele ya mwamshaji,
na muhuri wa bawabu umetoka kwa tajiri wa mbali.
Wapo waliokataa muhuri wa tajiri.
Kwa msimamo au kwa ukaidi, sijawahi kuamua.
Na wapo wanaofunga diski nzima kwa nywila,
basi mwamshaji wao sharti aulize gizani,
kabla hata herufi hazijakaa mahali pake.

Kila mmoja kapima hofu yake, kashona kwa kipimo hicho.
Kosa lao ni moja tu: kila anayefika
hudhani hakuna aliyewahi kulala humu.
Wa Ntakije hakumuua wenu. Alimfunika.

"Kwa hiyo majina yapo?"
"Yapo."
Ndipo akakaa. Tangu jioni alikuwa amesimama.

Saa sita kasoro. Nikachomeka flashi.
Amri ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikakosea herufi,
nikajilaani kwa Kinyamwezi, nikarudia.
Nikazima. Nikawasha.
Mistari miwili kiooni,
na tarakimu ikihesabu kurudi nyuma: tano.

Kalunde hakugusa kitu. Nne.
Stesheni chuma kikagonga chuma,
mabehewa yakiungwa, au yakikatwa.
Baba aliweza kutofautisha kwa sikio. Mimi siwezi.
Tatu.
"Nikichelewa kuchagua?"
"Inachagua yenyewe, ya kwanza."
Mbili.
"Na nani kaamua ipi iwe ya kwanza?"

Nikaangalia vidole vyangu.
Moja.