Haja Ndogo

Siku tatu walimwomba kohozi.
"Vuta pumzi, Ntate Motlalepula, kohoa kutoka chini,"
na huko chini anakujua kuliko wote wodini:
kilomita mbili chini ya Welkom, miaka kumi na tisa,
akichokonoa dhahabu ya watu kwenye mwamba wa moto.
Kifua kikanguruma kama toroli tupu relini,
kikopo kikarudi na mate.
Mate tu.

Na hata angetoa, mashine ya kusoma kohozi iko ng'ambo ya mlima,
na mlima umefunga. Theluji ya Julai
imelala barabarani kama ng'ombe aliyegoma.
Umeme ulikatika juzi.

Mama alikufa akisubiri jibu la namna hiyo.
Lilifika, bahasha ya kaki, muhuri, sahihi,
wiki moja baada ya kuanua matanga.
Halikukosea hata nukta.
Ndilo linaloniuma: halikukosea.

Leo Muuguzi Nthabeleng kaja na kikombe kingine,
akakitaja anachotaka kwa adabu,
kwa neno la kuzungukazunguka linalosemwa mbele ya wakwe:
haja ndogo.
Baba akageuza uso ukutani kama mwari.

Binti hamshikii babake kikombe cha aina hii.
Lakini vidole vyake havikuweza hata kifuniko,
na aliyebaki ni mimi.
Nikamfunika blanketi lake lenye magunzi ya mahindi,
nikafumba macho, nikashika.
Tukangoja, yeye, mimi na ukuta,
mpaka nikasikia manyunyu juu ya plastiki.
Jina lake kwetu lina maana hiyo: ajaye na mvua.
Yeye ndiye aliyecheka kwanza.

Kikombe kilikuwa na joto.
Sikulitarajia joto lile.

Nthabeleng akafyonza kwa mrija mwembamba,
akadondosha kwenye ukanda mfupi kuliko kidole changu,
akaulaza mezani karibu na dirisha, akatazama saa.
Dakika ishirini na tano. Hakuna waya, hakuna mashine.
"Vijidudu vikivunjika huacha maganda," akaniambia,
"maganda hupita kwenye figo,
na figo hazijui kutunza siri."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Huona vizuri zaidi kwa wale ambao virusi vimewamaliza.
Mwenye nguvu zake humponyoka."

Nikafikiri: kipimo gani hiki,
kinachomsikiliza mtu
pale tu wengine walipomwacha kumsikiliza?

(Dawa za VVU alizificha ndani ya buti la machimbo.
Walipomwachisha kazi, buti lilibaki huko.)

Mstari wa kwanza ukaja upesi,
ule wa kusema kipimo ni kizima.
Wa pili ukasitasita.
Hafifu, kama chumvi jasho linapokauka shatini.
Nthabeleng akainua kadi ya kulinganishia,
akafumba jicho moja kama anayetunga uzi sindanoni.

"Upo."

Nani hufurahia kifua kikuu?
Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikaketi sakafuni.

Kabla ya adhuhuri akameza vidonge vitatu, rangi ya matofali.
Za VVU zitafuata baada ya wiki mbili, wakaahidi,
tukijaliwa, barabara ikifunguka.
"Usishtuke," muuguzi akamwonya, "maji yako yatageuka rangi."

Alfajiri sauti ikaniamsha kwenye kiti.
Alikuwa ameketi mwenyewe, blanketi limeanguka,
kikombe amekiinua kwenye nuru ya theluji:
rangi ya chungwa, chungwa kabisa,
kama taa ya kofia ya mchimbaji anayepanda juu.
Akalitamka neno lenyewe, bila kulizunguka,
wodi nzima ikasikia.

"Mkojo wangu, mwanangu.
Hebu njoo uuone."