Herufi Moja

Saa tatu kasoro usiku, na bado wanazungumza.
Mimi ndiye mwenye funguo. Sifungi
mpaka wamalizane na ile herufi.

Yenyewe ndogo, ya rangi ya buluu,
imepakwa ukutani juu ya ngazi
katika neno la kuwakaribisha wanafunzi:
palipokuwa na o, mtu kaweka e.
Brashi mara mbili, basi.

Hapa Tandil kila kitu huzaliwa na jinsia.
Ufagio wangu ni jike, ndoo yangu dume,
ufunguo jike, kufuli dume.
Sijui ni nani aliyeviuliza.
Hata kikao hiki ni cha wazazi,
na wazazi kwetu, wakija mama watupu,
bado huitwa akina baba.

Bi Orsatti wa sarufi anasimama.
Ana mafua, ana shali mbili.
Lugha, anasema, si ukuta wa choo.
Miaka thelathini na mmoja amefundisha hapa,
na akitaja kiima na kiarifu
sauti yake hulainika
kama anayetaja wajukuu.
Siwezi kumchukia.

Quiroga, fundi magari, hakuomba nafasi:
"Hawajui kugawa desimali,
nanyi mwawafundisha irabu!"
Makofi.
Mama mmoja, daktari wa meno, hakuinua sauti:
"Irabu tano walizijua tangu chekechea.
Ni ninyi mnaoogopa moja."
Makofi, upande wa dirishani.
Mtu akataja Biblia. Mtu akataja katiba.
Hita ya gesi ikakohoa, ikazimika,
kama kila Julai,
na hiyo hakuna aliyeitaja.

Mimi sikusoma sana.
Ila niwaambie jambo ambalo kule ndani sikulisema.
Mwaka ule walipobadilisha kompyuta za mishahara
jina langu, Fermín, liliongezwa a mkiani.
Miezi kumi na saba nikawa Fermina.
Pesa zilikuja kamili, tarehe ileile.
Benki walicheka, nami nikacheka nao.
Lakini kila mwisho wa mwezi
nilikunja ile karatasi mara nne
kabla mke wangu hajaiona,
na sikujua kwa nini,
maana ilikuwa herufi tu,
na herufi, kama asemavyo Quiroga, hailishi mtu.

Wamemaliza. Yaani wameahirisha:
kamati, watu sita, Agosti.
Mwalimu mkuu ananipitia mlangoni,
hanitazami. "Ile ya ngazini, Fermín.
Kwa sasa, futa."

Nimepanda na tambara na tina.
Buluu inatoka kwa shida.
Inatoka e, chini yake inatoka o pia,
inatoka na chokaa,
limebaki doa la mviringo lisilosomeka,
na neno zima linasimama
kama mdomo uliong'olewa jino la mbele.
Nimejaribu kupanguza lililosalia.
Nikaacha.

Nje, kwenye ngazi za baridi, yuko mtoto wa Barrientos,
mwenye brashi. Kila mtu anajua, hakuna aliyeuliza.
Kofia hadi kwenye nyusi, vidole bado vya buluu.
Anamngoja mamake atoe gari.

"Wamesemaje?"
"Wamesema Agosti."
Akacheka kwa pua, moshi ukamtoka.
Akakata mkate wake mtamu, akanipa kipande,
kile kikubwa.

Nikafunga lango. Jike ndani ya dume, likalia.
Nilitaka kumwambia usiku mwema, mwanangu,
lakini "mwanangu" ya kwetu ina mkia,
ni huku au ni kule,
nami nimesimama, mkate mdomoni,
natafuta.
Taa za gari zikatumulika.
Nikainua mkono.
Akainua wake.