Karubuni

Nilikosea herufi moja tu.
Duka la Bwana Khatib, vifaa vya ujenzi, Wete,
na mlango wake mpya wa mtandaoni umeandikwa
KARUBUNI
kwa herufi kubwa, kijani cha karafuu mbichi.

Nikafungua kiolezo, nikaitoa u, nikaitia i.
Nikahifadhi. Nikaupakia ukurasa upya.
Karubuni.
Nikahifadhi tena, nikibonyeza kwa nguvu,
kana kwamba kompyuta husikia hasira ya kidole.
Karubuni.
Nikafuta sentensi nzima, nikaandika tusi mahali pake
(Mungu anisamehe, ilikuwa saa saba za usiku).
Karubuni, ikanijibu, kwa adabu ileile.

Nikaanza kuyashuku macho,
kisha faili, kisha akili:
labda ninaezeka nyumba ya jirani
na yangu inavuja.

Halafu umeme ukakatika Limbani yote.
Nikakaa gizani nasikiliza feni ikifa polepole,
paka juu ya bati, jenereta ya mtu ikikohoa mbali.
Uliporudi nikaiwasha seva, nikafungua ukurasa,
na lile tusi langu likatokea, kubwa, la kijani,
pale pa kuwapokea wateja wa Bwana Khatib.

Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Kumbe haikuwa ikisoma!
Ilisoma mara moja, ilipoamka, ikaweka moyoni,
kama mtoto wa chuoni aliyeshika ubao wa jana:
mwalimu kaufuta, kaandika mwingine,
naye kafumba macho, anayumba mbele na nyuma,
anausoma uliofutwa, kwa sauti tamu, bila kukosea.
Na huwezi kumlaumu.
Kuhifadhi ndiko alikosifiwa.

Mstari mmoja kwenye mipangilio:
akiba ya violezo, zima, hadi kazi ikamilike.
Sasa kila nikiuliza inarudi kwenye faili kutazama.
Inachelewa pumzi moja. Sijali.
Siku ya kufungua duka nitaiwasha tena;
mnunuzi wa misumari hana haja ya kungojeshwa.

Asubuhi Bi Mwanakombo wa chini ananiita dirishani:
"Mbarouk, likizo yako ya benki bado haijesha?"
Benki niliiacha mwaka juzi. Nilimwambia.
Nilimwambia tena Ramadhani, tukila futari pamoja.
"Ee, kweli," husema,
na kesho yake huniuliza likizo.
Yeye mipangilio yake sijui iko wapi.

Nikashuka kwenda kununua mkate,
bado namcheka moyoni,
nikairuka ngazi ya tatu kutoka chini, ile iliyovunjika,
mguu ukatua vibaya, nikashika ukuta.

Fundi Shaame aliitengeneza tangu Mfunguo Nne.
Saruji imeshapata weusi
wa nyayo za wenzangu.