Maelezo ya Utafiti, Yasiyozidi Maneno Mia Tatu

Fomu yasema: eleza unachokitafiti na njia uliyopita.
Haya.

Naitwa Shija. Kwa Wasukuma hilo si jina tu, ni nafasi:
mtoto azaliwaye baada ya mapacha.
Kulwa, Doto, kisha mimi.
Kabla sijaijua namba nilikuwa namba tayari.

Nyumba yetu Igogo imekaa juu ya jiwe
kama kofia kwenye kichwa kisichotaka kofia.
Kutoka ziwani hadi mlangoni ni ngazi za mawe:
hapa unapanda, kwa mama Nyanzobe unateremka kidogo,
unapanda tena.
Nikibeba ndoo nilijiuliza:
hatua sita, tatu za kupanda, tatu za kushuka,
nianzie ufukweni, niishie ufukweni,
katikati nisizame hata mara moja,
njia ni ngapi?
Tano. Nilizichora kwa mkaa ukutani, nikachapwa.
Kwa hatua nane, kumi na nne.
Kwa kumi, arobaini na mbili.
Sikujua kwamba namba hizo zina jina, zina vitabu.
Nilidhani ni za Igogo.

Njia niliyopita nayo ilipanda, ikashuka.
Sekondari kwa ada ya dagaa.
Dar, miaka mitatu, chumba kimoja watu sita.
Shahada ya pili nikisahihisha mitihani ya watu mia nne
kwa tochi ya simu.
Profesa Lukonge akaniambia, "Swali lako dogo."
Nikamjibu, dagaa pia.
Hakucheka. Alinipa ofisi yenye dirisha.

Sasa nahesabu njia zinazokwepa mawe.
Weka jiwe moja, tunajua zinapungua ngapi.
Weka mawili, bado tunajua.
Yamwage ovyo, kama Mungu alivyoyamwaga Mwanza,
na hakuna anayejua, mimi nikiwemo.
Mwaka jana nilidhani nimejua.
Kurasa thelathini na moja.
Nipo kwenye kivuko cha Kamanga, malori yanapakiwa,
nikaona kwamba ukurasa wa tisa
nimehesabu njia moja mara mbili.
Moja tu. Kurasa zilizofuata zote zikaanguka.
Nilivuka, nikarudi na kivuko kilekile bila kushuka.

Mama huuza dagaa Mwaloni, kwa mafungu.
Aliniuliza, "Hivi unahesabu vitu gani?"
Sihesabu vitu, mama, nahesabu namna.
Alimfukuza korongo kwenye turubai, akafikiri.
"Leo faida, kesho hasara,
mradi kibubu kisipite chini ya sifuri.
Namna za kutofilisika?"
Ndiyo. Hizo hasa. Ni zilezile.
Hatua sita, namna tano.
Nilisomea miaka tisa kitu anachokifanya kabla ya chai.

Mnauliza mipango. Kuurekebisha ukurasa wa tisa.
Kumnunulia binti wa Kulwa chaki, achore ukutani bila kuchapwa.
Na jiwe la tatu, polepole sana.
Hapa maneno mia tatu yametimia.

Yanayofuata ni nyongeza,
ule ukufi wa mwisho mama anaomwagia mteja juu ya fungu
bila kuuhesabu.

Jana jioni nilipanda ngazi zetu, fomu hii kwapani.
Mtu amepasua jiwe moja kubwa apate kokoto za kujengea.
Pale palipokuwa hapapitiki
sasa pana kinjia, chembamba, upana wa ndoo.
Nilisimama hapo mpaka giza.
Itabidi nihesabu upya.