Nyuma ya Fatura

Mimi ndiye yule mwenye mfuko wa turubai,
ninayegawa fatura za umeme Katuba
hata mwezi ambao umeme haukuja.
Mbwa wananijua. Watoto hunikimbia
kama mtu anayedai kitu ambacho hajaleta,
na kweli, nadai kitu ambacho sijaleta.

Jana mama Mwadi Kaumba alikataa kutia saini.
Aliigeuza karatasi, akailaza mezani
kando ya mbabula yenye sufuria ya bukari,
akasema: "Huku nyuma ni kweupe. Andika.
Waandikie wanaopanga mambo ya moto
kwamba macho yangu yamechoka kulia bila msiba."

Basi naandika, tena kwa kalamu ya kampuni.

Mabwana, mabibi,
baba yangu alichoma makala njia ya Kasenga,
akitoka alfajiri na kurudi mchana uleule.
Leo Chansa husukuma baiskeli siku mbili,
magunia matatu, breki ni soli ya kiatu chake.
Msitu unarudi nyuma kama mdeni
aliyekuona kabla hujamwona.
Masuku tuliyookota bure chini ya mti
yanahesabiwa moja moja sokoni,
na uyoga wa mvua ya kwanza
umebaki jina, bibi hulitaja akinusa hewa.

Njia ya Likasi kuna nyaya kubwa.
Zimebeba mto kutoka mbali,
mto mzima, umelazwa ndani ya waya,
unapita juu ya paa la shangazi yangu
ukivuma usiku kucha kama nyuki.
Chini ya ule mvumo
shangazi anawasha kibatari ili auone mlango.
"Mto umepita hapa," huniambia. "Haukunisalimu."

Na malori yanaelekea Kasumbalesa,
foleni isiyo na kichwa wala mkia.
Huko liendako, wanasema, vumbi letu huwa betri,
magari hutembea bila moshi,
watu huvuta pumzi hadi mwisho.
Siwaonei kijicho. Hewa ni hewa.
Lakini mchimba kisima anayekufa kwa kiu,
huyo hatumwiti mkarimu.

Sisemi jua ni mtume.
Kabwita, kinyozi wa avenyu yetu,
alinunua paneli ya sola kwa bei ya urafiki.
Ilimtoka mwezi wa tatu, saa nne asubuhi,
mteja amenyolewa upande mmoja.
Akaenda hivyohivyo kanisani.
Tulicheka sana. Usiku nikiwa kitandani
nikaona kwamba yule mteja ni sisi.

Januari mawingu huketi juu ya mji wiki nzima.
Mito nayo hupungua. Najua.
Nimesoma mita miaka kumi na tisa,
sijaona hata siku moja
ahadi ikizungusha gurudumu lake.

Kwa hiyo msituletee paneli yenye picha ya mgombea.
Tuleteeni sheria, na mtu wa kuipima paneli
kabla haijafika kwa Kabwita.
Zile nyaya zishuke, hata kidogo, pale zinapopita.
Kuna hospitali hapa ambayo jenereta yake
hunywa mazuti kuliko wagonjwa wanavyokunywa maji,
na paa lake, jipya, la bati,
linaungua jua bure kuanzia Mei hadi Oktoba.
Anzeni na paa hilo.
Na Chansa. Msipige marufuku gunia lake
kabla hamjamuuliza watoto wake ni wangapi.
(Ni sita. Nimemuuliza mimi.)

Karatasi inaisha.
Mama Mwadi ameisoma polepole,
kidole kikiacha alama ya masizi kila mstari.
Ameuliza kama jina lake limo. Limo.
Akachukua kalamu, akatia saini
upande huu.

Upande wa mbele, mahali pa saini
bado ni peupe.