Kati ya Jiandaeni na Ondokeni

Simu zetu zote zililia saa nane usiku,
kwa pamoja, mezani, chini ya mito:
Jiandaeni.
Hawakusema ondokeni.
Kulwant alisoma mara mbili, akatoka nje
akaligeuza gari, pua ikatazama barabara,
akarudi kulala na ufunguo kiganjani.

Siku ya tatu sasa. Bonde la Similkameen
limefunikwa kama sufuria.
Mlima wa ng'ambo ya mto haupo;
tunajua ulipo kwa mazoea tu,
kama ulimi unavyolijua pengo.
Saa sita mchana taa zinawaka.
Jua lipo, ukilitafuta: dogo, jekundu,
unalikodolea macho na halikufanyi kitu.

Redioni wanapima hewa kwa namba.
Moja ni nzuri, kumi ni mbaya.
Leo wamesema kumi na zaidi,
maana aliyetunga kipimo
alidhani kumi itatosha.

Nimeziba madirisha kwa utepe,
nimelaza taulo mbichi chini ya mlango,
feni nimeifunga kichujio kwa kamba:
asubuhi kilikuwa cheupe,
jioni kimefanana na sakafu ya gereji.
Nihal ana miaka saba na kifua kinachopiga filimbi.
Namshikia pampu, namhesabia: vuta, shikilia, moja, mbili...
Ananiuliza moshi huu ni wa nini.
Wa miti, namwambia.
Sijamwambia kwamba mna kochi la mtu humo,
cherehani ya mtu, kitanda cha mtoto,
na vyote vinatuingia kifuani bila hodi.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Sawa. Hawakusema uko umbali gani,
wala nani atachuma ekari kumi na mbili za cheri
zinazoiva huku zikipakwa jivu.
Wachumaji wamekunja mahema, wamekwenda.
Jirani yetu Doreen ameandika namba yake ya simu
kwenye kwato za farasi wake, kwa kalamu nyeusi,
endapo itabidi awafungulie wakimbie wenyewe.

Mlangoni: hati ya shamba, pasipoti, dawa.
Harleen amefunga begi na kulifungua mara nne.
Mwishowe akachukua bisibisi
akaung'oa ubao wenye alama za vimo vyao,
wake na wa mdogo wake, tangu walipoanza kusimama.
Ukuta umebaki na matundu.
Sikumkemea.

Biji, mama yake Kulwant, hafungi chochote.
"Siendi," anasema. "Miguu hii ilishakimbia mara moja."
Alikuwa na miaka sita walipotoka Lyallpur;
mama yake aliacha unga umekandwa,
umefunikwa kitambaa,
akidhani watarudi jioni.
Hapo ndipo Biji hukomea.
Ila tangu simu zilie hajagusa unga.
Siku tatu tunakula mkate wa dukani
na hakuna anayeuliza.

Jana usiku niliingia kumfunika.
Blanketi lilikuwa limepanda, miguu iko nje:
amelala na viatu,
kamba zimepigwa mafundo mawili mawili.

Leo alfajiri upepo umegeuka, au umechoka tu.
Mlima umeonyesha bega moja.
Simu kimya; jiandaeni bado ni jiandaeni.
Nimekwenda jikoni kuchemsha chai
nikakuta chumvi, maji, vumbi jeupe mezani,
na Biji anakanda kwa ngumi,
polepole, kama anayemjibu mtu.
Kila donge alilokata amelisukuma papo hapo,
akalitupa kikaangoni.
Hakufunika hata moja.

Nikatazama chini.
Viatu bado viko miguuni.